Gari Linapovuta Nyumba: Mafuta Yaenda Wapi?



Tuanze kwa kitendawili. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, shoferi ni yule yule. Jana gari lilikunywa lita 10 za mazuti, yaani dizeli, katika mwendo wa kilometa 100. Leo limekunywa lita 20. Injini haikuharibika, wala tangi halikutoboka. Kuna nini? Jibu ni hili: leo nyuma ya gari imefungwa nyumba.

Nyumba ya namna hiyo huitwa karavani. Ni chumba kirefu chenye magurudumu, na ndani yake mna vitanda, meza, jiko na matangi ya maji. Haina injini yake, huvutwa. Watu wa Ulaya waliijua kabla motokari hazijaenea. Mwaka 1885 daktari mmoja Mskoti, William Gordon Stables, alitengenezewa nyumba ya magurudumu huko Bristol, Uingereza, akazunguka nayo nchini ikivutwa na farasi wawili. Siku zile gharama ya kuvuta ilihesabiwa kwa majani na nafaka za farasi. Siku hizi yahesabiwa kwa lita. Lakini neno ni moja: avutaye sharti alishwe.

Leo twataka kueleza chakula hicho kinaliwa na nani hasa, kwa maana watu wengi wakosea. Wao hudhani kwamba uzito ndio unaokula mafuta yote. Uzito una sehemu yake, nasi tutaipima. Lakini katika barabara tambarare mlaji mkubwa ni mwingine, naye haonekani kwa macho.

NCHI ISIYO NA MITI

Yafaa tuchague mahali ambapo jambo hili si mchezo. Twende Australia. Huko watu wengi, hasa wazee waliokwisha kustaafu, hufunga karavani nyuma ya gari la 4x4, lile lenye nguvu katika magurudumu yake yote manne, wakazunguka nchi yao kwa miezi mingi. Wenyeji huwaita kwa utani wahamaji wenye mvi.

Barabara moja wanayoipenda na kuiogopa ni ile iitwayo Eyre Highway. Yatoka Norseman upande wa magharibi hadi Port Augusta upande wa mashariki, karibu kilometa 1,660. Jina lake ni la Edward John Eyre, Mwingereza aliyepita pande hizo mwaka 1841 katika kiu na taabu kubwa. Lami ilikamilika mwaka 1976. Barabara hiyo hupita katika uwanda uitwao Nullarbor, na wanafunzi waliosoma Kilatini watalitambua neno hilo mara moja: nullus ni hapana hata mmoja, arbor ni mti. Ndiyo nchi isiyo na miti. Kati ya vituo vya Balladonia na Caiguna barabara yaenda kilometa 146 bila kona hata moja.

Kutoka Norseman hadi kituo cha kwanza cha mafuta, Balladonia, ni karibu kilometa 190. Kutoka hapo hadi Caiguna ni kilometa 180 na zaidi. Mafuta ya vituo hivyo huletwa na malori kutoka mbali, kwa hiyo bei yake hupita sana bei ya mijini. Basi, anayekosea hesabu yake huko hulipa mara mbili: kwanza kwa mfuko, kisha kwa hofu, akisimama kando ya barabara chini ya jua, akingoja mpita njia.

Tutazame gari moja wanalolitumia sana, Toyota Land Cruiser ya namna ya 300, yenye injini ya dizeli. Matangi yake mawili yachukua lita 110. Likienda peke yake kwa lita 10 katika kilometa 100, laweza kufika kilometa 1,100. Likivuta karavani kubwa kwa lita 20, lafika kilometa 550 tu. Upepo ukilipinga usoni na kulifikisha lita 25, lafika kilometa 440. Tangi halikupungua, ni kana kwamba nchi imerefuka.

WALAJI WATATU

Gari linalovuta hupambana na walaji watatu wa mafuta. Tuwapime mmoja mmoja. Tutatumia kipimo chepesi: kilo za kuvuta. Tukisema kilo 10 za kuvuta, maana yake ni nguvu ile ile unayoitumia ukishika mkononi mzigo wa kilo 10 usianguke.

Mlaji wa kwanza ni njia yenyewe. Gurudumu la mpira hubonyea kila linapozunguka, na kubonyea huko hula nguvu. Juu ya lami nzuri, kila kilo 100 za uzito zadai karibu kilo 1 tu ya kuvuta. Basi karavani yenye kilo 2,500 yadai kilo 25. Ni kidogo kuliko watu wadhaniavyo! Ndiyo maana wanaume wachache waweza kulisukuma lori zima kwenye uwanja wa saruji. Lakini juu ya mchanga laini mambo hugeuka: gurudumu huzama, na deni laweza kuzidi mara 10 au zaidi.

Mlaji wa pili ni mlima. Barabara ikipanda meta 5 kwa kila meta 100, mlima wadai sehemu 1 kwa 20 ya uzito wote. Karavani ile ile ya kilo 2,500 sasa yadai kilo 125 zaidi. Hapo uzito ni mfalme. Lakini mlima si mwizi kamili, kwa kuwa gari likishuka hurudishiwa nguvu ililolipa. Mwizi ni breki, inayogeuza nguvu hiyo kuwa moto wa bure.

Mlaji wa tatu ni hewa. Sisi tunaoishi ndani ya hewa twaisahau, kama samaki anavyosahau maji. Lakini kila apandaye baisikeli aijua siku ya upepo wa mbele. Karavani ni kama ukuta: upana wake ni meta 2 na nusu au karibu yake, nao hupanda juu sana kupita paa la gari. Ukuta huo lazima uisukume hewa kando, na nyuma yake huacha shimo la hewa linalouvuta kurudi nyuma. Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, karavani kubwa yaweza kudai kilo 80 za kuvuta kwa ajili ya hewa peke yake. Gari linaloivuta, nalo, lina deni lake la hewa lipatalo kilo 50.

Basi linganisheni: njia yadai kilo 25, hewa yadai 80. Katika uwanda wa Nullarbor, ambako milima ni michache, hewa ndiyo mlaji mkuu.

HESABU YA LITA

Tugeuze sasa kilo za kuvuta kuwa lita. Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi. Injini njema huweza kugeuza karibu theluthi yake tu kuwa mwendo. Zilizobaki hupotea kama joto katika moshi na katika maji ya rejeta. Basi twapata megajuli 12 za kazi kwa kila lita. Na kuvuta kwa nguvu ya kilo 1 katika kilometa 100 kwadai karibu megajuli 1. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii, nayo si ngumu kukumbuka: kila kilo 12 za kuvuta, katika kilometa 100, hula lita 1.

Karavani yetu yadai 25 na 80, jumla 105. Gawanyeni kwa 12: karibu lita 9. Ongezeni lita 10 za gari lenyewe, mtapata lita 19. Kitendawili chetu kimeteguliwa. Haya ni makisio, wala hayashindi kipimo cha barabarani. Hata hivyo yanakubaliana na lita 15 hadi 20 na zaidi ambazo wavutaji wengi wa karavani kubwa huzipata kweli.

Na upepo je? Upepo wa kilometa 20 kwa saa ukivuma usoni, gari lendalo 100 hupambana na hewa ya 120. Hewa ya gari na karavani ilikuwa 50 na 80, yaani kilo 130. Sasa yawa karibu 187, na zile 57 zilizozidi ni karibu lita 5 katika kila kilometa 100. Ndiyo maana wasafiri wa Nullarbor huuliza habari za upepo kabla ya kuwasha injini, na wengine hukaa siku moja kituoni wakingoja ugeuke.

MAJI AU MWENDO?

Hapa twafikia jambo lenye maana kuliko yote. Mtu aliyesikia kwamba uzito hula mafuta aweza kushawishika kupunguza mizigo yake mahali pabaya. Afungua matangi ya karavani, amwaga lita 100 za maji, naye afurahi kwamba amepunguza kilo 100. Je, ameponya nini? Kwa kanuni yetu, kilo 100 juu ya lami zadai kilo 1 ya kuvuta. Ni sehemu 1 ya 12 ya lita katika kilometa 100. Katika njia nzima ya kilometa 1,660, ni lita 1 na nusu hivi. Ameuza maji 100 katika nchi kame kwa mafuta lita 1 na nusu. Hata tukiongeza sehemu kidogo kwa ajili ya vilima, biashara hiyo ni ya mpumbavu.

Sasa mtazame mwenzake, aliyebaki na maji yake lakini akapunguza mwendo kutoka 100 hadi 80. Upinzani wa hewa hufuata mwendo uliozidishwa kwa mwendo wenyewe. Mara 80 kwa 80 ni 6,400. Mara 100 kwa 100 ni 10,000. Kwa hiyo hewa iliyodai 100 sasa yadai 64 tu. Kilo zetu 130 zimekuwa 83. Ameponya kilo 47, yaani karibu lita 4 katika kila kilometa 100. Katika njia nzima ni lita 60 na zaidi. Amelipa nini? Saa. Kwa mwendo wa 100 angetumia saa 16 na nusu hivi. Kwa mwendo wa 80 atatumia karibu saa 21. Ametoa saa 4 katika safari ya siku mbili au tatu, akapata zaidi ya nusu ya tangi.

Hatusemi kwamba kila mtu aende 80. Barabara hiyo ina malori marefu yenye haraka, na gari lendalo polepole mno laweza kuwa hatari kwa wengine. Wengi huchagua 90, na hata hapo hewa hupungua karibu sehemu 1 kwa 5. Kinyume chake, anayepanda kutoka 100 hadi 110 huongeza deni la hewa kwa sehemu 21 katika 100. Tena mwendo mkali huifanya karavani iyumbe kama mkia wa nyoka, na ikiyumba sana huweza kulipindua gari. Kwa hiyo anayepunguza mwendo huponya mfuko na roho pamoja. Mwenda pole hajikwai.

KWA NINI GARI LA 4X4?

Mtu aweza kuuliza: mbona wasivute kwa gari dogo lenye kunywa kidogo? Jibu ni kwamba mvutaji sharti awe mzito na imara kuliko utashi wa anayevutwa. Gari la 4x4 lina fremu ya chuma kali na injini yenye nguvu kubwa katika mizunguko michache. Mengi ya Australia yameruhusiwa na watengenezaji wake kuvuta hadi kilo 3,500. Gari dogo likifungwa mzigo huo laweza kusukumwa na karavani yake kwenye mteremko, kama mchungaji mdogo anavyosukumwa na ng'ombe wake.

Lakini nguvu hiyo ina bei. Gari la 4x4 lenyewe ni refu kwenda juu, zito, na uso wake ni mpana. Wenye kulipandisha juu zaidi, kulivika magurudumu makubwa yenye meno makali, na kuweka kichanja cha mizigo juu ya paa, huongeza deni lake kabla karavani haijafungwa. Tena yako magari ambayo magurudumu ya mbele huunganishwa na ya nyuma kwa mkono. Juu ya lami kavu yafaa yaachwe katika magurudumu mawili. Katika kona magurudumu ya mbele hayasafiri sawa na ya nyuma. Yakifungwa pamoja hushindana yenyewe kwa yenyewe, mpira hulika, gia huteseka na mafuta hupotea. Yale yaliyoundwa kuendeshwa daima kwa magurudumu manne, kama Land Cruiser tuliyoitaja, yana chombo cha kati cha kusawazisha jambo hilo.

Magari ya umeme nayo hayakuponyoka sheria hii. Hewa haiulizi kama avutaye anakunywa dizeli au umeme. Gari la umeme likifungwa karavani kubwa, safari yake hupungua karibu kwa nusu, nalo lahitaji kituo cha kujaza mapema zaidi.

MASHAURI YA MSAFIRI MWENYE BUSARA

1. Apime mwenyewe, asitegemee kitabu cha gari. Kitabu hupima gari lisilovuta kitu. Ajaze tangi mpaka juu, aandike kilometa, asafiri, kisha ajaze tena mpaka juu. Lita alizoongeza azigawanye kwa kilometa, azidishe kwa 100. Kwa mfano, lita 74 baada ya kilometa 385 ni lita 19 na kidogo katika kilometa 100.

2. Ahesabu safari kwa siku mbaya, si kwa siku njema. Kama kipimo chake ni 19, atumie 25, maana upepo hautoi taarifa.

3. Asipite kituo cha mafuta na tangi nusu kwa sababu ya bei. Lita ghali iliyo tangini ni bora kuliko lita rahisi iliyo mbele kilometa 200.

4. Apime upepo wa magurudumu asubuhi, kabla hayajapata moto. Gurudumu lililolegea hubonyea sana, hula mafuta, na mwisho hupasuka.

5. Ashushe vya juu ya paa, aviweke ndani. Kitu chepesi kilicho juu ya paa chaweza kula mafuta kuliko kitu kizito kilicho sakafuni.

6. Mlimani achague gia ya chini mapema, asiilazimishe injini kulia kwa taabu. Kwenye mteremko aache injini ilizuie gari, asikanyage breki daima.

7. Maji ya kunywa yasiguswe. Yeye akitaka kuponya mafuta, apunguze mwendo.

Hapa kwetu Kongo karavani za matembezi ni nadra kuonekana, lakini Land Cruiser yazijua barabara zetu, na mizigo iliyofungwa juu ya paa twaiona kila siku. Sheria ya hewa ni moja Nullarbor na hapa. Tofauti ni kwamba katika njia zetu za matope na milima, mlaji wa kwanza na wa pili huamka, na huko uzito hupata nguvu yake. Kwa hiyo shoferi mwenye akili huuliza kwanza: leo napambana na yupi? Kwenye lami tambarare, apunguze mwendo na ashushe vya juu. Kwenye mlima na matope, apunguze mzigo.

Tuwaachie wanafunzi hesabu moja ya kufanya jioni pamoja na wazazi wao. Gari lina tangi la lita 110. Shoferi ataka kubakiza daima lita 20 za akiba. Likivuta karavani hunywa lita 18 katika kilometa 100. Aweza kwenda umbali gani kabla ya kuigusa akiba? Mkipata kilometa 500, mmehesabu sawa. Kisha mrudie kwa lita 25, siku ya upepo, mwone nchi inavyorefuka.

Kwaherini mpaka juma lijalo.